Kubeba Gunia Kwenye Tambarare

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa Bunda walinipa kitenge, ndoo mbili za plastiki na kazi moja. Kitenge na ndoo nilivipokea bila maneno. Kazi niliikataa. Walitaka niandike jinsi tulivyofundisha kidato cha tano na cha sita zamani zile ambapo dukani ulikuta rafu na muuzaji tu. Walisema kurasa ishirini. Nikasema mbili. Tukafika hapa tulipofika, na atakayesoma mpaka mwisho atajua nani alimzidi mwenzake.

Habari za kupanda daraja sitaziandika. Kulikuja kwa kuchelewa, nikikukumbuka nitaharibu siku. Mshahara mnaujua. Nitaeleza chaki, ukuta mmoja, na asubuhi moja ya Musoma ambayo mpaka leo imekataa kuniingia akilini. Nimeipigia hesabu mara mbili, kama ninavyofanyaga kwa kila kitu, na kila nikimaliza jibu linanishtua upya.

Niliripoti Musoma nikitoka chuoni, binti wa Butiama mwenye godoro, sanduku la bati na cheti cha kufundisha Fizikia na Hesabu. Mwenye mkokoteni alinibebea mpaka getini, kisha akataja bei ya mtu anayehamia Ulaya. Tulibishana hapo getini mpaka jua likahama upande. Nilimwonyesha kwamba godoro ni jepesi, sanduku ni tupu, na barabara yote ilikuwa inateremka, kwa hiyo mkokoteni ulijisukuma wenyewe. Mwisho alinishushia bei, akaniita shangazi, akaondoka anacheka peke yake.

Mkuu wa shule alikuwa dirishani. Alinipokea ofisini akiwa na karatasi yangu mkononi.

"Fizikia na Hesabu," akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Na Uchumi."

"Uchumi sikusomea."

"Nimekusikia pale getini," akasema. "Umesomea."

Ndivyo nilivyopata somo la tatu. La nne, Siasa, nililipata mwalimu wake alipokwenda kumwuguza mzazi na asirudi. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuta jina langu kwenye ratiba kama mtu anavyokuta ng'ombe wa jirani shambani kwake.

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya kwanza. Darasa la Fizikia lilikuwa na kitabu kimoja cha kiada, nacho hakikuwa na kurasa za mwanzo wala za mwisho, kwa hiyo hatukujua nani alikiandika wala majibu yake. Chaki zilifungiwa kabatini kama dawa. Zilipokwisha tuliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Unaandika vizuri tu, ila siku ambazo jikoni kulikuwa na uji mwembamba wanafunzi walikuwa wanautazama ubao kwa namna ambayo haikuwa ya kupenda elimu. Sijawahi kufundisha tena darasa linaloweza kula notisi zake.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mwalimu Salehe, wa Kemia. Kwao walikuwa mafundi cherehani wa mtaa wa Mukendo, naye alivaa kofia ya kufuma iliyonyooka kama rula. Wiki yangu ya kwanza aliingia darasani kwangu, akakaa nyuma na wanafunzi, akanitazama nikijaza ubao mzima kwa fomula. Nilipotoka akanifuata.

"Binti, ile chaki umeimaliza."

"Mada ni ndefu, mwalimu."

"Mada zote ni ndefu. Kila mada ni ukoo, ina mama na ina watoto. Wewe umewaandika watoto wote, na mama hujamtaja. Chaki ya serikali haitoshi kwa watoto. Mtaje mama. Wakimjua mama, watoto watawatambua kwa sura hata wakikutana nao kwenye mtihani."

Tuliziita dhana mama. Kwa kila mada mstari mmoja, na mstari ule hatuuandiki mpaka tumeubishania sisi walimu kwanza, maana ukishakosea mama umepotea ukoo mzima. Karatasi hazikuwepo, kwa hiyo tuliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa moja, lile pekee lililokuwa na madirisha yote. Na kwa kuwa lilikuwa moja, wa sayansi na wa Uchumi walijisomea humohumo, wakisikilizana kwa lazima.

Ukuta ule ndio ulionionyesha kitu ambacho chuoni hawakuniambia. Maneno yanatembea. Neno lililoko Fizikia unalikuta Uchumi limevaa nguo nyingine. Msawazo, kwa mfano. Kwenye Uchumi niliufundisha kwa kuigiza sokoni: muuzaji anashuka, mnunuzi anapanda, mpaka wanafika mahali wote wawili wameumia sawasawa na hakuna anayetaka kusogea. Salehe akasema kwake si hivyo.

"Kwenye Kemia hakuna aliyetulia. Huku wanaungana, kule wanaachana, kwa kasi ileile. Ukitazama kwa nje utadhani hakuna kinachofanyika."

"Kama ofisini," nikasema.

"Hapana. Ofisini ni kweli hakuna kinachofanyika."

Basi tukawa tunaandika neno moja katikati, halafu kila somo linaandika mstari wake chini. Siku tulipoandika neno KAZI, tulipata mistari mitatu. Siasa: wajibu wa kila raia mwenye nguvu. Uchumi: jasho la mtu linalozalisha na lina malipo. Fizikia: nguvu mara umbali uliokwendwa upande ule nguvu inakosukuma.

Huo mstari wa Fizikia ulileta ugomvi, na aliyeuleta ni Magesa. Alikuwa kijana wa Nyamuswa, mrefu, wa mchepuo wa sayansi, mwenye tabia ya kujibu swali kama lilivyoulizwa. Ukimwuliza unajua saa ngapi, alikujibu ndiyo. Nilikuwa nimewaeleza kwamba anayebeba mzigo anausukuma kwenda juu ili usianguke, lakini akitembea kwenye tambarare mzigo unakwenda mbele, hauendi juu. Juu na mbele ni pembemraba. Kwa hiyo kazi ni sifuri.

Magesa akasimama.

"Mwalimu, mama anachotaga maji kila siku, anabeba ndoo kichwani. Njia yetu ni tambarare tupu. Unasema hajafanya kazi?"

"Kwa Fizikia, hapana."

"Nikamwambie?"

"Usimwambie. Utalala njaa."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliandika, akapigia mstari, na nilimwona ameukasirikia ule mstari kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu na amekosa wa kumrudishia. Lakini aliushika. Mwaka ule, ukimwamsha Magesa kutoka usingizini ukasema kubeba, alikujibu sifuri.

Mwaka huohuo, wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, chakula cha shule kikaisha. Unga haukufika, maharage hayakufika, na mkuu akafunga shule. Wanafunzi warudi makwao, wa kidato cha sita warudi siku ya mtihani. Wa mjini walikwenda kwao. Wa mbali walitafuta usafiri, na usafiri ulikuwa unatafuta dizeli. Magesa alihesabu vizuri: akienda Nyamuswa na basi likakosa mafuta ya kumrudisha, mtihani utafanyika bila yeye. Akabaki Musoma kwa ndugu wa rafiki yake, na ili asiwe mzigo kwa watu, akawa anashinda mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, anabeba magunia ya dagaa na furu wakavu kuyapeleka sokoni. Jioni alikuja kusoma ukutani kwetu. Nilimnusa kabla sijamwona.

Wakati huo kulikuwa na msako mjini wa watu wasio na kazi. Mgambo waliwasimamisha watu njiani, na asiyeweza kusema anafanya kazi gani alipandishwa lori akapelekwa mashambani kulima. Kitambulisho cha mwanafunzi Magesa hakuwa nacho. Hakuna aliyekuwa nacho. Picha zilihitaji filamu, na filamu ilikuwa hadithi.

Ilikuwa Ijumaa. Mtihani unaanza Jumatatu, na karatasi ya kwanza ni Fizikia. Nilikuwa uani nafua, bila sabuni, kwa ukali tu, mara akaja mama mmoja mwuza samaki tuliyezoeana kwa kugombana bei. Hakunisalimia.

"Mwalimu, mwanao wamemchukua."

"Mwanangu yupi?"

"Yule mrefu anayebeba. Wamemwuliza anafanya kazi gani, amekataa kuwa anafanya kazi."

"Amekataa?"

"Amekataa mbele za watu. Tumemkonyeza, tumemwambia wewe sema tu, ndo kwanza anaeleza. Ameleta na mahesabu."

Nguo ilinitoka mkononi ikaangukia mchangani. Nilijua palepale ni mahesabu gani. Nilijua hata mstari ulivyopigwa.

Ofisi ya kata ilikuwa na benchi moja ukutani, limejaa wanaume, na wengine wamekaa chini. Niliwahesabu mara mbili. Magesa alikuwa wa pembeni, shati la shule limepata rangi ya dagaa. Nje kulikuwa na lori. Mkubwa wa mgambo alikuwa afande Chacha, mtu mpana mwenye sauti ya upole, na watu wenye sauti ya upole ndio wagumu kupatana nao.

"Shikamoo afande."

"Marahaba, mwalimu. Umefuata nini?"

Mimi nikitaka kitu kimoja naanzaga kwa kuomba vyote. "Nimewafuata hawa wote," nikasema. "Hawa ni wabebaji wa mwaloni, nawafahamu. Waachie."

"Wote haiwezekani."

"Basi nusu."

"Mwalimu, hapa si sokoni."

"Basi mmoja. Yule mwanafunzi wangu. Ana mtihani Jumatatu."

Chacha alimtazama Magesa, akanirudia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyelishwa kitu asichokijua.

"Mimi sijamkamata yule. Amejikamata mwenyewe kwa mdomo. Amesema ni mwanafunzi, nikasema shule imefungwa, kwa sasa unafanya kazi gani. Akasema nabeba magunia. Nikataka kumwachia. Akasema lakini, afande, kusema kweli, kubeba gunia kwenye tambarare si kazi. Nikasema rudia, mura. Akarudia. Akasema ni sifuri. Mimi nimetumwa kutafuta watu wa sifuri. Nifanyeje?"

Wale wa kwenye benchi walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawana uhakika kama kinaruhusiwa.

"Magesa," nikasema, "ni kweli?"

"Aliuliza kama ni kazi, mwalimu."

"Nani amemfundisha hayo?" Chacha akauliza.

Nilitamani kumtaja mwandishi wa kile kitabu, lakini ukurasa wa jina lake haukuwepo.

"Mimi," nikasema.

"Basi pandeni wote wawili."

Ninyi mnaosoma haya mna simu, mna wanasheria, mna vitambulisho vyenye picha. Mimi nilikuwa na lori nje na mstari wa mkaa ukutani. Lakini nimeshawahi kununua godoro la mtu ambaye hakutaka kuliuza. Nilikumbuka njia.

"Afande, kijana amekosea swali," nikasema. "Kutoka mwaloni kwenda sokoni si tambarare. Kunapanda. Panapopanda gunia linakwenda juu, na likienda juu, hata kwa Fizikia ni kazi. Kama hukubali, twende tukaione njia."

Chacha alifikiri. Akamwambia kijana wake mmoja awalinde wengine, kwamba lori litaondoka saa nane na kabla ya hapo atakuwa amerudi. Akamwashiria Magesa ainuke. Tukatoka watatu.

Mwaloni akina mama wakaacha kupanga samaki. Magesa akainama kuchukua gunia, Chacha akamzuia kwa fimbo.

"Wewe umesema si kazi. Mwalimu ndiye anayesema ni kazi. Abebe mwalimu."

"Mimi?"

"Nataka kuiona hiyo kazi."

Nilitaka kupatana, Magesa abebe nusu. Nilitazama uso wa Chacha nikaona bei haitashuka. Nikazungusha kanga yangu nikatengeneza ngata, akina mama wakanitwika tenga la dagaa. Lilikuwa halijakauka vizuri, na lilinihakikishia hivyo kwa matone.

"Mwalimu, shingo nyoosha," mmoja akasema. "Unabeba kama unaomba msamaha."

"Mwache, huyo ni wa chaki."

Tukapanda. Nisiwadanganye, nimezaliwa Butiama, nimebeba maji na kuni tangu meno ya utoto, lakini miaka ya chuo ilikuwa imenipunguzia shingo. Chacha alitembea ubavuni kwangu akinitazama usoni, si kwa ubaya, kama daktari.

"Hapa ni kazi," akasema.

"Hapa ni kazi," nikasema, kwa hewa niliyokuwa nayo.

Kisha tukafika juu, pale njia inaponyooka kuelekea sokoni. Chacha akasimama.

"Hapa tambarare. Tembea."

Nikatembea.

"Sasa hivi unafanya kazi?"

Jasho lilikuwa linaniingia machoni likichanganyika na maji ya dagaa. Na palepale, chini ya lile tenga, nilipigwa na mshangao ambao haujanitoka. Nilikuwa nimefundisha mstari ule tangu nifike, nimeuandika kwa chaki, kwa muhogo na kwa mkaa, na sikuwahi kuwa chini yake. Nikisema ndiyo, nimekana somo mbele ya mwanafunzi anayelifanyia mtihani Jumatatu. Nikisema hapana, anapanda lori, na mimi nyuma yake. Nikaendelea kutembea.

"Mwalimu," Magesa akasema nyuma yangu, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Mwalimu, ile fomula inauliza tenga."

"Nini?"

"Inauliza tenga limefanyiwa kazi gani. Hapa tenga halijafanyiwa kazi, halijapanda, halijashuka. Tenga liko vilevile. Lakini haijauliza mbebaji. Mbebaji anakula uji, unamwishia mwilini huko huko. Fizikia inauliza tenga limepata nini. Haijauliza wewe umepoteza nini."

Chacha alilitazama tenga, akanitazama mimi. Tenga lilikuwa bado kichwani na hakuna aliyefikiria kunitua.

"Kwa hiyo asubuhi," Chacha akasema, "ulinijibu habari za gunia."

"Ndiyo, afande."

"Na mimi nilimwuliza nani?"

"Uliniuliza mimi."

"Basi jibu swali, mura."

"Nabeba magunia, afande. Ni kazi."

"Ungesema hivyo asubuhi sasa hivi umeshakunywa chai," Chacha akasema. Akamwambia Magesa anitue.

Tulirudi ofisini ili Chacha afute jina. Njiani, kwa kuwa bei ilikuwa imelegea, nikarudi kwenye ombi langu la kwanza. Nikamwambia, afande, na wale wengine, uliwauliza wao au uliwauliza magunia? Aliongeza mwendo, na mtu anayeongeza mwendo ameshaanza kukubali.

Lori halikuwepo. Benchi lilikuwa tupu. Nililitazama mara mbili, kama vile kuhesabu benchi tupu kunaweza kuleta jibu jingine. Yule kijana aliyeachwa kulinda alisimama wima.

"Dereva amepata mafuta, afande. Amesema akisubiri yatachukuliwa. Ameondoka nao."

"Nilisema saa nane."

"Amesema mafuta hayajui saa nane."

Chacha akakaa kwenye lile benchi, mahali palepale walipokuwa wamekaa wao. Jua la asubuhi lilikuwa bado mlangoni.

Nilikuwa nimepita na tenga lile nikidhani nashindana kwa hoja. Kumbe kama Chacha angesema hapana, au kama angesikiliza hoja yangu akiwa amekaa, na Magesa akabaki amekaa pembeni ya benchi akisubiri sisi tumalize kubishana, Magesa angekuwa ameshapandishwa lori. Nguvu tulitumia wote, mimi na wale wabebaji wa kwenye benchi. Kilichomwokoa Magesa ni umbali.

Magesa hakuwa na furaha niliyoitegemea. Alikuwa anatazama barabara.

"Wambura alikuwa hapa," akasema. "Tunabebaga wote. Amenionyesha namna ya kuweka ngata."

"Yeye alijibu nini?" nikauliza.

"Alisema anabeba mizigo. Wakamwuliza nani amemwajiri. Akasema yeyote mwenye mzigo."

"Basi alijibu sawasawa."

"Alijibu sawasawa," Magesa akasema. "Hakuna aliyekuja kumwulizia."

Nimesahihisha mitihani miaka mingi kuliko ninavyotaka kuihesabu. Majibu mabaya yaliyopata alama nimeyaona, ni bahati. Jibu sahihi lililopandishwa lori sikuwa na kalamu yake, na mpaka leo sina. Nilimpeleka Magesa kwa Mwalimu Salehe, akakaa naye nyumbani Mukendo mpaka Jumatatu, akala, akafanya karatasi zote. Nilipomsimulia Salehe yote alichukua mkaa, akaenda ukutani, na chini ya neno KAZI, chini ya mistari yetu mitatu, akaandika wa nne: *Nani anaulizwa?* Baada ya hapo hatukuandika tena dhana mama yoyote bila swali hilo. Soko likiwa kwenye msawazo, nani anaulizwa, soko au mama aliyerudi na kikapu kitupu? Wanafunzi walianza kutuuliza wenyewe, na wengine walituuliza vibaya, kwa makusudi, lakini hiyo nayo ni elimu.

Kisha nchi ikafunguliwa kwa biashara. Nilihamia Bunda, na mshtuko wangu safari hii ulikuwa wa upande wa pili. Sabuni zikaja, zikaja za rangi. Chaki zikawa nyingi mpaka watoto wakatupiana. Upande wa Kabasa, palepale Bunda, kukafunguliwa vyumba vya tuisheni kila penye mabati, na vijitabu vya maswali na majibu vikauzwa kando ya barabara pamoja na betri na malapa. Kijana wa kidato cha sita alikuwa anakuja kwangu na rundo la vijitabu hivyo kwapani, amekariri vyote, na dhana mama haijui hata moja. Nilimkuta mmoja ameandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba mbeba mzigo kwenye tambarare hafanyi kazi. Nilimwambia akachukue gunia la mahindi stoo, alizunguke nalo jengo, halafu aje tuzungumze. Alirudi amelowa.

"Umefanya kazi?"

"Madam, kijitabu kinasema..."

"Kijitabu hakikubeba."

Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nawabebesha watoto mizigo. Niliwaeleza. Mmoja alielewa, mwingine alitaka kujua kama gunia lilikuwa la shule au la nyumbani kwangu. Lilikuwa la shule. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Ninyi mliobaki darasani, vitabu sasa mnavyo, na ramani za dhana za kuchapwa zenye mishale ya rangi nimeziona. Ni nzuri. Ila mshale hausemi unamwuliza nani. Hilo andikeni kwa mkono, hata kwa muhogo.

Mwezi uliopita Magesa alikuja kunitembelea Butiama. Ni mhandisi wa barabara, nywele zimeanza kumtoroka, na kazi yake ni kupima mahali njia inapopanda. Aliegesha gari nje ya uzio, akafungua nyuma, akatoa gunia la mchele, akaliweka begani, akatembea nalo uwanja mzima wa nyumba yangu, ambao ni tambarare kama meza. Akalitua mlangoni, anahema.

"Sijafanya kazi, mwalimu."

"Nani anaulizwa?"

"Gunia."

"Na wewe?"

"Mimi nimekwisha."

"Basi kaa," nikasema, "chai ipo. Gunia halinywi."

Tulikunywa. Aliniuliza, kama anavyoniulizaga kila akija, kama nimesikia lolote la Wambura. Alishamtafuta kule mashambani, na kwao, na mwaloni. Nikasema bado sijasikia. Akazungusha kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Yule alijibu sawasawa," akasema.

Nikasema ndiyo. Alijibu sawasawa.